Mama Mkwe na Mtambo wa Kumi na Nne

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kutazama tai, siku ya pili ya mafunzo, baada ya chakula cha mchana, mtaoneshwa picha ya rundo la mawe kwenye theluji. Mwalimu atawaambia kwamba chini ya mawe yale mfanyakazi mmoja alimficha tai aliyeuawa na mtambo wa upepo, ili isijulikane kwamba alichelewa kutoa taarifa. Mtacheka kidogo, kwa sababu mwalimu naye hucheka, kisha mtaandika kwenye karatasi zenu: usimguse tai aliyekufa. Nimekaa kwenye chumba kile miaka mitano nikiwa msaidizi wa mwalimu. Kila mara picha ile ilipopita ukutani nilijifanya napanga viti. Mwezi uliopita nilistaafu, na sina tena viti vya kupanga.

Mtu yule ana jina. Anaitwa Safari, sisi tulimwita Papa Safari, anakaa Haltom City, na hakuchelewa hata kidogo. Aliyechelewa ni mimi. Nitaeleza kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa kuandika ripoti, na nakala ya ukurasa wa daftari lake nimeiambatisha nyuma ya karatasi hizi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana sijaona ndege aliyeokolewa na cheo cha mtu.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimezaliwa kwenye ukungu na mvua, kwa hiyo nilikuja Texas nikidhani baridi naijua. Tulipanga nyumba DeSoto, mimi na mke wangu na binti yetu Neema, na huku kila mtu ananiita Baba Neema. Nilikuwa napakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka mgongo ukagoma. Papa Safari nilikutana naye msibani Fort Worth. Sisi tunaozungumza Kiswahili huku tunajuana misibani kuliko harusini, kwa sababu harusini muziki ni mkubwa mno. Yeye ni Mkongo wa milima ya Masisi, amechunga ng'ombe tangu yuko mdogo, amekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, kisha akaletwa Haltom City na kupelekwa kiwanda cha kuku. Aliponiambia kwamba ameacha kuku na sasa analipwa kutazama ndege, nilidhani ananitania. Nikamwuliza ni ugumu gani uliopo kwenye kutazama ndege.

"Kutazama iko rahisi," akasema. "Kuona njo kazi." Alimaanisha kwamba kuona ndiyo kazi yenyewe.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye gari lake, tunaelekea magharibi, safari ya kutwa nzima mpaka milima ya New Mexico. Nawaeleza kazi ilivyokuwa wakati ule, kwa kuwa ninyi mmeikuta nyingine. Mitambo ya kufua umeme wa upepo ilisimama juu ya mgongo wa mlima, mmoja baada ya mwingine, mirefu kuliko jengo lolote la Tukuyu. Mwenye mitambo alikuwa Houston. Sisi tulikuwa na ofisi ndogo Fort Worth, tukienda mlimani siku kumi na kurudi nyumbani siku nne, kuanzia Novemba mpaka Machi. Majira hayo ndiyo tai wakubwa wa kahawia, wenye shingo ya rangi ya dhahabu, wanaposhuka kutoka kaskazini kufuata sungura na mizoga. Tai anapenda upepo unaopanda ukingoni mwa mlima, na mwenye mitambo anaupenda upepo huohuo. Kibali kilitolewa kwa sharti kwamba pawepo watu wa kutazama. Ukimwona tai anaelekea kwenye mtambo, unamwita kiongozi wako kwa redio ya mkononi. Kiongozi anaita chumba cha uendeshaji Houston, na mtu aliyekaa pale na kahawa yake anabonyeza kitufe. Mapanga ya mtambo huchukua kama dakika moja kusimama. Ndiyo kusema tai yuko New Mexico kwenye theluji, na kitufe cha uhai wake kiko Houston kwenye joto. Sikuwahi kumpata mtu wa kunieleza nani aliona hilo ni jambo la busara.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kanisani na masweta matatu. Papa Safari alinitazama miguuni, akafungua mkoba wake na kunipa soksi za sufu alizoziweka kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akanionesha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chenu. Chupa ya chai ikae ndani ya koti, kifuani. Betri za redio zikae kwapani, maana baridi inazila. Usipumulie kioo cha darubini, pumzi inaganda na utakuwa umejipofusha mwenyewe. Asubuhi ya baridi kali usiwatafute angani kabla ya saa nne, watafute kwenye miti mikavu, wamejikunyata wanasubiri jua liamshe upepo.

Saa ya kwanza nikasimamisha mitambo mitatu kwa ajili ya kunguru. Houston walicheka wiki nzima. Papa Safari hakucheka. Alinisimamisha ubavuni kwake, akaanza kunifundisha kwa mikono. Tumbusi huinua mabawa yake juu kidogo, kama mtu aliyeambiwa na polisi anyooshe mikono, na huyumbayumba. Kunguru hawezi kutulia, lazima apige mabawa. Tai analaza mabawa sawasawa kama ubao, hana wasiwasi na mtu. Alinifundisha hivyo siku kumi, mikono yake miwili imenyooshwa kwenye upepo, na watu wa ranchi waliopita chini na magari yao walitutazama kama wendawazimu.

Kampuni ilitupa vile vibao vya kielektroniki vya kuandikia. Vilizimika kwa baridi kila siku, na kila siku tuliambiwa tatizo ni sisi. Papa Safari alitumia daftari la shule na penseli, kwa kuwa wino huganda. Kila tai, kila wito, aliandika na saa yake. Jioni, kabla ya kula, tulikaa kwenye meza ya moteli, tukabadilishana madaftari. Mimi nasoma lake, yeye anasoma langu, kila mmoja anatia saini chini ya ukurasa wa mwenzake na kuandika saa aliyotia saini. Mara ya kwanza nilitia saini tupu, nikamrudishia. Akalisukuma daftari kwangu. Aliniambia saini isiyo na saa ni mchoro tu, hilo amejifunza kambini, ambako karatasi yenye pengo ilitosha kumrudisha mtu nyuma ya foleni. Kwa majira sita ya baridi tuliruka jioni moja tu, nayo nitaieleza.

Sasa Mama Mkwe. Alikuwa tai jike, mkubwa kuliko wote, na bawa lake la kushoto lilikosa unyoya mmoja mrefu, likawa na pengo kama la jino. Tulimjua kwa pengo hilo. Alikuja kila Novemba na dume wake, wakakaa kwenye msonobari mkavu karibu na mtambo wa kumi na nne. Papa Safari ndiye aliyempa jina, siku ile alipokatiza mbele ya mitambo minne na yote minne ikasimama, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapita. Alisema huyu ni mama mkwe, akitokea njiani kila mtu anasimama na kuinamisha kichwa. Tangu hapo hata kwenye redio tulimwita hivyo. Mwaka mmoja tulimwona ameshikana makucha na tai mgeni, wanaanguka wawili wakizunguka kuelekea kwenye mapanga. Papa Safari aliita, nikaita, Houston wakabonyeza, na wale wawili wakaachana pembeni ya panga lililosimama kimya. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na nikarukaruka kwenye theluji kama mtoto. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda siku ile.

Majira ya sita, nikiwa nimeshafanywa kiongozi wa kituo, Houston walituletea mkubwa mpya. Tumwite Bwana Dale. Alikuwa mtu mpole wa sauti, anayekuuliza habari za familia kabla ya kukuambia jambo baya. Aliona tunasimamisha mitambo mara nyingi mno. Akaleta kanuni mpya: kiongozi haombi mtambo usimamishwe mpaka amwone tai kwa macho yake mwenyewe. Kuthibitisha, ndivyo kanuni ilivyoitwa. Niliwasomea wenzangu ile karatasi ndani ya gari, hita ikiwa imewashwa. Papa Safari alikuwa anakunja soksi zake.

"Mi nikikuambia nyumba inaungua," akasema, "utakuya kwanza kuangalia moshi?"

Nikamwambia ni kanuni, Papa, tutafanyaje. Nilisema kwa sauti ya kiongozi, na sauti hiyo najuta nilivyoizoea haraka. Papa Safari hakubishana. Alikuwa ananizidi miaka minane, lakini mlimani kiongozi ni kiongozi.

Januari ile baridi iliteremka mpaka Dallas, mpaka Houston kwenyewe, na kila nyumba ikawasha hita. Kila mtambo ulitakiwa uzunguke. Asubuhi Bwana Dale alinipigia simu, akauliza habari za mke wangu, halafu akasema leo hataki kusikia mtambo umesimama bila sababu. Nikasema sawa. Nilikuwa kituo cha mashariki na Papa Safari yuko cha magharibi, ukingo wa mlima katikati yetu. Yeye aliuona msonobari mkavu. Mimi sikuuona.

Saa nne na dakika kumi na mbili redio ikaita. Nakumbuka maneno yote.

"Baba Neema, Mama Mkwe ametoka ku mti. Anakuya kumi na nne. Simamisha."

Nilikuwa na redio mbili kifuani. Ya kushoto ni ya kwetu, ya kulia ni ya Houston. Kwa majira sita Papa Safari hakuwahi kukosea, hata mara moja. Mkono wangu ulitakiwa uende kulia. Badala yake nikaegemea darubini. Kioo kilikuwa na ganda la barafu, kwa sababu nilikuwa nimekipumulia, mimi niliyefundishwa siku ya kwanza nisikipumulie. Nikamwambia asubiri nithibitishe. Akasema tena, taratibu, simamisha, baba. Nikafuta kioo kwa glavu, barafu ikatapakaa zaidi. Mara ya tatu hakutaja jina langu. Alisema tu neno lile, simamisha, na sauti yake haikuwa ya mtu anayemwambia kiongozi, ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nilimwona dakika ya kumi na nne, alipotokeza juu ya ukingo. Nikaita Houston, yule dada wa pale akasema sawa, na kweli mapanga yakaanza kupunguza mwendo. Tai akiwinda hatazami mbele. Anatazama chini, kwenye sungura. Panga lilimkuta kwenye bawa la kushoto, lile la pengo. Nilikuwa mbali, sikusikia kitu. Niliona tu kitu kimoja kinakuwa vitu viwili.

Papa Safari alishaanza kutembea, theluji ikiwa magotini. Nikamwambia kwa redio asimguse. Sheria ya nchi hii ni kali: tai aliyekufa haguswi, hata unyoya wake hauokotwi. Unaweka kibendera, unapiga picha, unasubiri wenye mamlaka. Alijua hayo kuliko mimi, maana ndiye aliyenifundisha. Aliendelea kutembea. Nilipomfikia alikuwa amevua kofia na amepiga magoti. Alikuwa amelifuata bawa lilikoangukia, amelirudisha ubavuni mwa Mama Mkwe, na ameshaweka mawe nusu. Kunguru walikuwa wamejipanga juu ya waya, wanasubiri.

"Siwezi kumuacha hivi," akasema. "Angalia vile wanamuangalia."

Sisi mtu wetu hatumwachi akalala wazi. Hilo halikuwa jambo la kufikiria, mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Mimi ndiye kiongozi, na ningemzuia. Badala yake nilivua glavu, nikatafuta jiwe, nikaliweka. Moja tu. Kwenye picha mtakayooneshwa ni lile jeupe la juu kabisa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia hivyo, kwa sababu mwalimu hajui, na msaidizi wake alikuwa anapanga viti.

Bwana Dale alifika kesho yake na kamera. Rekodi ya Houston ilionesha wito mmoja tu, wangu, dakika ya kumi na nne. Redio zetu za mlimani hazikurekodiwa. Dakika ya kumi na mbili iliandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye daftari la Papa Safari, na jioni ile hatukukaa mezani, kwa kuwa nilikuwa kwenye simu na Houston mpaka chakula kikapoa. Ukurasa ukabaki bila saini yangu.

Tuliitwa makao makuu, Houston. Tuliondoka Fort Worth alfajiri kwa gari langu. Mahali fulani katikati ya safari Papa Safari alitoa daftari mfukoni, akaliweka mapajani mwangu, akasema, "Utasema weye." Hakueleza zaidi, na mimi sikuhitaji maelezo. Kwao Masisi, na kwetu Tukuyu pia, mwenye jambo hajisemei. Posa ina mshenga, na shauri lina msemaji. Mtu akisimama kujitetea mwenyewe watu hutazama chini kwa aibu yake. Unamtafuta mtu unayemwamini, unamkabidhi maneno yako, halafu wewe unakaa kimya, na ukimya wako ndio heshima yako. Alikuwa ananipa heshima hiyo. Nikaliweka daftari kwenye mfuko wa ndani wa koti, kifuani, pale pa chupa ya chai.

Kwenye korido Bwana Dale alinivuta pembeni. Akauliza habari za Neema, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo. Halafu akasema kwa upole wake ule kwamba amefikiria sana suala hili. Kama yule mzee aliita kwa kuchelewa, basi ni kosa la mzee. Kama aliita mapema, basi zile dakika ni za kiongozi. Alinishika bega, akanifungulia mlango. Kanuni ilikuwa yake, lakini hiyo hakuitaja, na mimi sikumkumbusha.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, kiyoyozi kinavuma, watu watano wa mezani. Wakamwuliza Papa Safari aliita saa ngapi. Akanyoosha kiganja kuelekea kwangu, vizuri, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Baba Neema atasema," akasema.

Nilitafsiri kwamba anasema mimi ndiye nitakayesema. Wote wakanigeukia. Daftari lilikuwa kifuani pangu, nalisikia likipanda na kushuka kwa pumzi yangu. Nikasema kwamba ripoti kama ilivyoandikwa ni sahihi. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni fupi sana, haichukui hata sekunde tatu.

Papa Safari hakujua Kiingereza kingi, lakini hiyo aliielewa. Alinitazama mara moja, kisha akatazama meza. Wakamwuliza tena aliita saa ngapi, akanyamaza, kwa sababu msemaji wake alikuwa ameshasema. Kwao wale watu watano, mtu asiyejitetea amekiri. Mwisho wakamwuliza kama kweli alimficha tai chini ya mawe. Hapo alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kiwandani.

"I put her nice," akasema.

Nilimweka vizuri, ndivyo alivyotaka kusema. Waliandika: amekubali. Serikali haikumfungulia kesi, ila kampuni ilimfukuza siku hiyohiyo, na ripoti ikasema kifo cha tai kilitokana na uzembe wa mtu mmoja ambaye hayupo tena kazini. Tulirudi kwa gari moja, mwendo wote ule, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine. Hakuniomba daftari. Mimi sikulitoa.

Nimelaumu watu wengi kwa miaka tisa. Nimemlaumu Bwana Dale, na ninamlaumu bado, Mungu anisamehe, maana alipandishwa cheo na kuhamia jengo refu zaidi. Nimelaumu Houston na kitufe chake. Nimelaumu baridi, na hita za watu wa Dallas, na yangu ikiwemo. Nikimaliza orodha nabaki na mkono wangu ulioacha kwenda kulia, na mdomo wangu uliosema sentensi fupi. Kila mara orodha inaishia hapo, na nimechoka kuianza upya.

Papa Safari alirudi kwenye kuku. Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililonila. Kama angenitangaza misibani na kanisani, ningegombana naye, tungepatanishwa, yangekwisha. Tukikutana alinipa mkono, akauliza, "Baba Neema, mlima iko vizuri?" Nikasema uko vizuri. Akaenda kukaa upande mwingine.

Dume la Mama Mkwe lilikuja majira mawili mengine, likakaa peke yake kwenye ule msonobari. Majira ya tatu halikuja. Kisha wakaja watu na nguzo zenye kamera, hizi mnazozijua ninyi. Kamera inamwona tai na kusimamisha mtambo yenyewe, kwa sekunde chache, haipitii kwa kiongozi wala haiombi Houston ruhusa. Hakuna anayeiambia ithibitishe kwanza. Ruhusa ambayo Papa Safari alinyimwa miaka yote, wakaipa nguzo. Mimi nikatolewa mlimani, nikawekwa kwenye mafunzo, Fort Worth, na viti.

Siku ya kuniaga walileta keki yenye picha ya tai mwenye kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya serikali, ambaye kwenye mlima wetu sikumwona hata mara tatu. Walinipa na kibao cha ukumbusho kinachoshukuru macho yangu makali. Kibao nimekiweka chooni, na mke wangu amekasirika.

Neema alikuja kunisaidia kupanga makabati. Ni mtu mzima sasa, nesi, na Kiswahili anakielewa ila anakijibu kwa Kiingereza. Alilikuta daftari chini ya masweta. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa anasoma akiwa mdogo.

"Baba, this isn't your handwriting," akasema. "He called you three times."

Mwandiko si wangu, na niliitwa mara tatu, kweli. Nikamweleza yote, yeye amesimama mlangoni. Nilitegemea aniambie kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake, kwa ajili ya chuo chake. Nilikuwa nimejiandalia jibu hilo kwa miaka tisa. Aliuliza tu kama Papa Safari yuko hai. Nikasema yuko. Akanipa ufunguo wa gari.

Wanakaa ghorofa ya chini, Haltom City, mlango wa tatu. Mke wake, Mama Riziki, alifungua, akafurahi kuniona, hakujua kitu, akaanza kutia maji kwenye sufuria ya chai. Papa Safari alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini, amekonda, macho ni yaleyale. Aliona nilichoshika kabla sijakaa.

"Acha chai," akamwambia mkewe, bila ukali. "Baba Neema hatakawia."

Mwanamke akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akazima jiko. Wadogo zangu, ninyi mnajua nyumba zetu. Mnajua hilo lina maana gani.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani kutoka DeSoto. Yalipotea yote. Nikasema nilikuwa nalo daftari lake siku ile chumbani, lilikuwa kifuani, na nikaogopa. Nikasema nisamehe. Papa Safari alinyoosha mkono. Akalichukua daftari, akalifungua bila kutafuta, kama mtu anayejua kitabu chake, akafika ukurasa ule. Mwandiko wake wa penseli haukuwa umefifia. Saa nne na dakika kumi na mbili, na chini yake kumi na mbili na nusu, na chini yake kumi na tatu. Aliuweka ukurasa mbele yangu mezani, akachomoa penseli kutoka mfuko wa shati. Bado anatembea nayo.

Nikatia saini chini, mahali palipokuwa patupu. Nikamsogezea. Hakulipokea. Aliweka kidole karibu na jina langu, akasubiri.

"Na saa," akasema.

Nikatazama saa ya ukutani. Nikaandika saa kumi na dakika tano, alasiri, na tarehe, na mwaka. Akasoma, akanipa nipige picha ya ukurasa kwa ajili yenu, kisha akalifunga, akaliweka chini ya blanketi, akasimama kwa shida, akaenda kunifungulia mlango.